Udongo Wangu Ulivyofika Ziwani

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, siku ya soko hapa Kiptere, nakumbuka vizuri, mama mmoja muuza samaki aliponikemea mbele ya watu nami nikakataa kuona aibu. Aibu yenyewe ilinifikia mwaka uliofuata.

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baba alikuwa amenigawia shamba linaloshuka hadi mtoni. Wazee walikuwa wameuacha ukingo na matete na miti yake; mimi niliona ni uvivu tu. Nilifyeka yote, nikapanda miche ya chai hadi kwenye maji, kisha nikaenda sokoni kujisifu kwamba nimeongeza mistari sita.

Mama Akinyi, huyo muuza samaki, alitoka mbali, kule mto wetu unakoingia ziwani, upande wa Kisumu.

"Wewe kijana," akaniambia huku akipanga kambale wake, "hiyo shamba yako mimi naijua. Naikanyaga kila siku kwetu. Inanifika kwa magoti."

"Basi nirudishie kwa gunia, mama!" nikamjibu.

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Baadaye aliacha kuja sokoni. Nilipopata safari ya Kisumu nilipitia kwao. Pale mto hupunguza mwendo na kuacha kila ulichobeba. Matete ambamo samaki walikuwa wakitaga mayai yalikuwa yamezikwa kwenye matope mekundu, rangi ile ile ya udongo ulioganda kwenye gambuti zangu za shambani. Matope hayo hayakuwa yangu yote. Mashamba huku juu ni mengi. Lakini mistari sita ilikuwa yangu.

Mama Akinyi alikuwa amekaa kando ya kichanja kitupu cha kukaushia samaki, akiuza sukuma wiki. Alinitambua.

"Karibu, kijana wa Kiptere."

Hakunikumbusha lolote. Alinipikia chai, mwanangu. Chai. Sikuweza kuimaliza.

Niling'oa mistari ile, nikarudisha matete. Yameota. Yeye hakurudi tena kuuza samaki, na sikuwahi kumwomba msamaha.

Kwa hiyo, kabla hujalima karibu na maji, yafuate hadi yanakoishia, ujue ni nani anaishi huko. Na mtu wa huko akikulalamikia, usitafute kichekesho. Nyamaza, umsikilize.

Mungu akulinde. Mvua ikinyesha, udongo wako ubaki kwako, na maji yanayotoka kwako yamfikie mwenzako yakiwa safi.