Neno Kinga

Lile doa jeusi unyayoni mwa baba tulidhani ni mwiba wa vichaka vya Itigi. Kumbe ilikuwa saratani ya ngozi, na ilishapanda hadi kinenani. Hospitalini Dodoma, daktari alitwambia ng'ambo wanajaribu dawa ya kuamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Angemwombea baba nafasi.

Shangazi alisikia neno kinga tu. Miaka ile ya soko huria, redio zilijaa hadi kwetu, na zikitaja kinga zinataja ukimwi.

"Kaka yangu hana ugonjwa huo!" akafoka, akatupandisha treni ya kurudi.

Nani amlaumu? Mimi namlaumu, ingawa sijui kama dawa ile ingemponya.

Msibani majirani walinong'onezana: "Mbona walimtorosha hospitali? Ule ulikuwa ukimwi tu."