Vidonda vya tumbo ambavyo Wilhelmina hana

Saa moja asubuhi, kamba imeshanyooshwa juu ya tope la jaruba la mpunga, Lumemo, nje ya Ifakara. Wanawake kumi na mmoja wameinama nyuma yake, kila mmoja na fungu la miche mkononi, wakichomeka mpunga kwenye kila fundo la kamba. Kamba haihami mpaka mkono wa mwisho umalize. Leo mkono huo ni wa Wilhelmina, na wenzake wameshika viuno wakimtazama.

"Mama Deus, tusogee?" anaita Getrude, kiongozi wa kikundi, aliyeshika ncha ya kamba.

"Bado kidogo, dada. Tumbo linanisumbua."

Wanampa pole, wanasubiri. Tumbo la Wilhelmina halina tatizo lolote.

Ana miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Mahenge aliyeteremkia bondeni kulima mpunga. Miaka minne iliyopita aliugua homa iliyomlaza wiki tatu. Homa iliondoka, nguvu hazikurudi.

"Nikichota ndoo moja, nalala mpaka jioni," anasimulia. "Nimepimwa malaria, taifodi, sukari, damu. Kila kipimo kikirudi safi, ndivyo ninavyoonekana mwongo zaidi."

Mumewe alimwita mvivu. Ndugu walisema amerogwa. Kikundi alichokuwa akipandikiza nacho wakati ule kilimwondoa kwa kuchelewesha kamba, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali. Mgonjwa haulizwi uji, tunapenda kusema. Kumbe wapo wagonjwa ambao uji wenyewe hawaletewi.

Mwaka juzi alikwenda zahanati kwa sababu ya kiungulia tu. Akapewa famotidini, vidonge vya kupunguza asidi tumboni. Siku ya nne aliamka, akashika ufagio.

"Nilifagia uwanja wote bila kukaa chini," anasema. "Nikalia peke yangu, ufagio mkononi. Nilikuwa nimesahau mwili usiochoka unakuwaje."

Joachim, tabibu aliyemwandikia dawa na ambaye sasa amestaafu, hakumcheka. Anasema alishasoma habari za wagonjwa wa uchovu wa muda mrefu waliojaribu dawa hiyo, wengine wakapata nafuu, wengine wasipate kitu.

"Ushahidi ni mdogo, sitaki mtu asome habari hii akakimbilia duka la dawa," anaonya. "Lakini huyu mama nilimwona alivyoingia, nikamwona alivyorudi. Kwenye daftari hapakuwa na pa kuandika uchovu. Nikaandika vidonda vya tumbo."

Neno hilo likamfanyia Wilhelmina kile ambacho machozi yake hayakuweza. Getrude, alipoambiwa ni vidonda, alimpokea kikundini, akampa fundo la pembeni, wenzake wakawa wanamuuliza kila asubuhi ameamkaje. Lakini mwenye vidonda hali maharage, hilo hapa kila mtu analijua, na chakula cha mchana jarubani ni wali maharage. Kwa misimu miwili amekula wali mtupu na chumvi.

"Na maharage nayapenda, Mungu anajua," anasema, akicheka bila furaha.

Mwezi uliopita tabibu mpya alimtuma akapimwe tumbo. Likakutwa zima, dawa zikasitishwa. Sasa anajinunulia mwenyewe, shilingi elfu tatu kwa vidonge kumi, wakati siku moja ya kupandikiza humlipa elfu saba na siku zenyewe hazifiki arobaini kwa mwaka. Anaruka siku ili vidonge vifike mbali. Leo ni siku ya kuruka.

Mwandishi anapomuuliza kama jina lake libadilishwe gazetini, anakwangua tope kwenye kucha.

"Andika hilohilo. Nimechoka, na kudanganya nako kunachosha."

Mpango wake ni kumaliza msimu huu, kisha aende Ifakara mjini na barua ya Joachim, akamwombe daktari amchunguze upya na kumwandikia ugonjwa alio nao. Kupona hategemei sana. Anataka tu cheti cha hospitali kisichomsema uongo.

Saa saba mchana sufuria zinafunuliwa. Getrude anamtengea wali mtupu kama kawaida. Wilhelmina anarudisha sahani.

"Niwekee maharage, dada."

"Na vidonda?"

"Sina. Sijawahi kuwa navyo. Ninachoumwa ni kuchoka."

Hakuna anayecheka. Getrude anachota maharage kwa upawa, anamimina.

"Ungesema mapema, Mama Deus," anasema taratibu. "Nisingekupa nafasi kwenye kamba."

"Ndiyo maana sikusema."

Anakula maharage yote, anaosha sahani yake. Saa nane kamba inanyooshwa tena. Hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia abaki. Wilhelmina anaingia topeni, anasimama kwenye fundo lake la pembeni, anainama kabla ya wengine.