Majani Mlangoni pa Resiato

Nilikuwa darasani, nimewapa watoto hesabu za kujumlisha, wakati shemeji yangu Koikai aliposimama mlangoni bila kubisha hodi. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Aliniambia, "Mwalimu, dada yako hayupo tena," kisha akaketi palepale kizingitini, amenipa mgongo. Watoto waliendelea kuhesabu. Mimi nilifuta ubao wote, kona kwa kona, na hasira iliyonishika wakati ule haijaniachia hadi leo.

Naandika habari za dada yangu Resiato kwa sababu wanaomsifu sasa wanasema alikuwa mchapakazi. Sitaki kulisikia neno hilo. Wanaolisema ni miongoni mwetu sisi tuliomchosha.

Alizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, upande wa Kimandolu, kabla Wajerumani hawajafika. Alipokuwa msichana mdogo, mama yetu alikuwa miongoni mwa waliobebeshwa mawe ya kujengea boma la Arusha. Alirudi mgonjwa, hakupona. Tangu hapo Resiato ndiye aliyenibeba mgongoni, akakamua ng'ombe wetu wawili, akapalilia migomba. Wamisionari walipofungua shule, alichunga mbuzi zamu yake na yangu ili mimi nisome. Nilipomaliza chuo cha walimu huko Uchagani, alinipokea kwa kibuyu cha maziwa, akanigeuza huku na huku kama mtu anayenunua ndama, akasema nimerudi na viatu vizuri lakini shingo ni ya kuku. Upendo wake ulipitia kwenye mzaha siku zote. Nilimfundisha katekisimu mimi mwenyewe, naye akabatizwa kwa jina lake hilohilo.

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu. Halimi, hachoti maji, habebi kuni. Mumewe humchinjia kondoo dume, mama mkwe humnywesha mafuta na maziwa, na mlangoni hufungwa majani mabichi ili kila apitaye ajue kwamba humo yumo mzazi, asidai kitu. Mwezi wa tano mwaka huu Resiato alijifungua mtoto wa kiume, wa kwanza kubaki hai kati ya watatu. Alizaa kwa shida na kupoteza damu nyingi. Mama mkwe wake, Yeyo Sinyati, alifunga majani kwa mkono wake, akawa anayabadilisha kila yaliponyauka.

Nilipokwenda kumwona, Resiato aliniambia ameona jambo jipya: paa la nyumba yake lina tundu. Miaka sita ameolewa pale, na hakuwahi kulala chali mchana hata akaliona. Alicheka sana. Sikumbuki kumwona amepumzika namna ile kabla ya siku hizo.

Kisha buni zikaiva kwenye shamba la mlowezi wa Kijerumani, chini ya mteremko wetu. Kila nyumba ilitakiwa ijaze kipande, kadi ya kuandikiwa siku thelathini za kazi. Koikai alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo kwenda Moshi, na siku zile hazikuandikwa kwenye kipande chake. Kwa hiyo nyapara Sumari alikuja nyumbani kutafuta mtu wa badala. Alimkuta Yeyo Sinyati ameketi kando ya mlango, na majani juu yake. Akayatazama, akatema mate pembeni, akasema atarudi miezi ikitimia.

Mtu yule anashika kiboko na hajabatizwa, lakini aliyaheshimu majani. Mimi sikuyaheshimu.

Mzee wetu wa kanisa, Yoeli, alikuwa ameniita faragha. Alisema watu wanatucheka: tunahubiri dhidi ya mambo ya giza, na dada wa mwalimu amejificha nyuma ya majani. Alisema kuzaa si ugonjwa, na kwamba siku arobaini zinatosha. Ningeweza kumjibu. Nawafundisha watoto kila wiki kwamba Mungu mwenyewe aliamuru mapumziko. Lakini niliogopa kuonekana Mkristo nusu, nikanyamaza.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumapili. Nilifika asubuhi nikamwambia Resiato kwamba tutakwenda kanisani kumshukuru Mungu, na majani yale tuyaondoe.

"Kwani Mungu wako haoni kupitia majani?" aliniuliza.

Yeyo Sinyati alisimama mbele ya mlango. "Mwache amalize siku zake. Ulimchosha mgongo ulipokuwa mtoto. Sasa unataka na kilichobaki?"

Nilimpita nikayang'oa, nikayatupa kwenye migomba. Resiato alijifunga nguo yake akanifuata, kwa sababu aliyemwomba nilikuwa mimi. Kanisani Yoeli alimtaja mbele ya watu kuwa mfano mwema. Nami nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumatatu Sumari alipita akaona mlango mtupu. Yeyo Sinyati alimsihi, akamweleza siku zilizobaki. Nyapara alimjibu, "Jana alitembea hadi kanisani. Shambani ni karibu kuliko kanisani."

Resiato alichuma kahawa siku kumi na nane kwenye ukungu wa mwezi wa saba, mtoto mgongoni, kikapu kiunoni. Siku ya kumi damu ilianza tena, akaomba siku moja tu ya kulala. Sumari alimletea jibu la mlowezi kwamba kahawa mbivu haimngojei mtu. Niliposikia, nilimwendea Yoeli twende tukamwombee ruhusa, akasema tusubiri mavuno yaishe. Nikaandika barua kwa Kijerumani, nikaipeleka peke yangu. Mlowezi aliisoma, akausifu mwandiko wangu, akanirudishia.

Siku ya kumi na nane Resiato aliketi chini katikati ya mibuni, hakuweza kuinuka. Wachumaji wenzake walimbeba hadi nyumbani. Siku ya tatu alifariki, asubuhi ileile Koikai aliporudi kutoka Moshi.

Tulimzika kesho yake alasiri, kando ya migomba. Yoeli alisema maneno ya kanisa, kisha akaongeza kwamba mchapakazi huyu sasa amepumzika. Naamini amepumzika kwa Bwana, wala sina shaka. Lakini pumziko alilolitaka lilikuwa la siku hamsini zilizobaki, ndani ya nyumba yake, akitazama tundu la paa. Hilo halikuwa gumu kumpa. Tulilikataa sisi, tuliompenda, kabla mlowezi hajalikataa.

Kabla udongo haujarudishwa, Yeyo Sinyati alikuja na majani mabichi akayaweka juu ya jeneza. Yoeli alinyoosha mkono ayaondoe. Nilimshika kifundo cha mkono, mbele ya watu wote.

"Mzee, yaache," nilimwambia. "Nimeshayaondoa mara moja."

Akaurudisha mkono wake. Koikai, mimi na majirani wawili tulifukia kaburi. Manyunyu yalianza, tukaimba ubeti mmoja tu, nami nikasali kwa sababu hakuna mwingine aliyeanza. Yeyo Sinyati hakungoja amina. Mtoto alikuwa analia, akaenda kumpa maziwa ya mbuzi.