Ugali wa Kwa Mama

Mwaka 2013 nilipunguza ugali wa mume wangu, na ukoo mzima ukaninunia. Daktari ndiye aliyeagiza. Vipimo vilionyesha sukari yake imekuwa juu kwa muda mrefu, na figo zimeanza kupitisha protini kwenye mkojo. Alisema tukiishusha sasa, figo zinaweza kudumu. Tukizembea, huku Kasulu mashine ya kusafisha damu hakuna.

Mume wangu, fundi seremala, aliacha sukari kwenye chai siku hiyo hiyo, akajiona amemaliza kazi. Ugali wa muhogo ndio uliomshinda. "Huu mbona hauna utamu, sukari yake iko wapi?" aliniuliza. Nilimweleza kwamba wanga ukishasagwa mwilini, mwisho wake ni sukari ile ile. Nikawa nampakulia ugali kidogo, maharage na sombe, yaani kisamvu, tele. Kwa Waha, kabila la mume wangu, kumwekea mwanamume ugali wa namna ile ni kumtukana, na mimi ni mwalimu niliyeletwa na serikali kutoka Singida. Niliwaacha waseme.

Sukari haikushuka. Na kila jioni mume wangu alikuwa na safari fupi isiyo na maelezo, akirudi na uso wa mtu aliyeshiba. Nikajua tu, nyumba ndogo hiyo. Jioni moja nikajifunga kanga kiunoni, nikamfuata. Akaingia kwa mama yake, nyumba ya pili baada ya msikiti. Nilipochungulia jikoni, amekaa mbele ya mlima wa ugali, na mama mkwe anamwongezea. Mwanamke wa nje ningemtimua. Huyu ningemfanya nini?

"Mama, unamuua," nilisema. Hata shikamoo sikutoa.

"Mimi nimemzaa, kipimo chake nakijua," akajibu bila kunitazama. "Bugali nimekula toka sina meno. Mimi naumwa?"

Nikamwambia akapime kwanza, ndipo aje kunijibu. Hasira zilimpeleka. Tulikwenda hospitali wote watatu, na nakiri nilikuwa na hamu ya kumwona akiumbuka. Sukari yake ilikuwa sawa kabisa, figo safi. Aliniangalia kwa furaha aliyoshindwa kuificha, nami nilitamani kuingia chini ya benchi.

Daktari hakushangaa. Alisema watu hatuzaliwi na uwezo mmoja wa kuvunja wanga. Katika vinasaba, yaani urithi tunaopewa na wazazi, kuna sehemu inayoamua mate na kongosho la mtu vitoe kimeng'enya kingi au kichache, na watafiti bado wanabishana jambo hilo lina uzito gani katika ugonjwa wa sukari. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akadhurika. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mtoto anarithi pande zote mbili, mama. Baba yake yuko wapi?"

"Alikufa."

"Aliumwa nini?"

Mama mkwe alisema mumewe alirogwa. Wifi yake ndiye aliyemroga, kila mtu alijua. Walimfukuza, akahamia Mabamba, na hata kwenye mazishi ya kaka yake hakuthubutu kuja. Daktari akauliza uchawi huo ulianzaje. Kiu isiyokatika, mama mkwe akasema. Kukonda. Mkojo wenye povu. Halafu miguu ikavimba.

Hapo alikuwa anatazama chini, kwenye miguu ya mwanawe. Mume wangu alikuja hospitali na kandambili, kwa sababu viatu vilikuwa vimegoma kuingia tangu Jumapili.

Daktari aliharakisha kusema kwamba hawezi kuthibitisha ugonjwa wa mtu aliyekwisha kuzikwa. Sidhani kama mama mkwe alimsikia.

"Alikuwa anakataa kula," alisema taratibu, "nikawa namlisha kwa mkono wangu. Nilimwambia, kula bugali, upate nguvu za kumshinda dada yako."