Alama ya Stesheni Kwenye Kitambaa cha Mwende

Runinga ya dukani kwa Abdi, pale Kibwezi, ilitoa harufu ya vumbi linaloungua kabla haijatoa picha. Ilitumia betri ya gari, na kila jioni kabla ya taarifa ya habari watu walijaa mpaka juu ya magunia ya sukari. Nilikuwa na miaka kumi, na habari hazikunihusu. Dada yangu Mwende alikuwa anaolewa Agosti katika nyumba yenye runinga, na mama, aliyesifika kanisani kwa kudarizi, alikuwa ameahidi kumpa kitambaa cha kuifunikia, chenye alama ya stesheni katikati. Kazi ya kuinakili ilikuwa yangu. Alama yenyewe ilitokea kwa sekunde chache, imejaa chenga, kisha ikatoweka. Jioni ya kwanza nilipata duara tu. Ya pili, mtu mrefu akasimama mbele yangu. Ya tatu, betri ikaisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma wiki tatu, hadi nikapata duara lote, herufi zake na miale mitano kama ya jua.

Mama alidarizi miezi miwili, macho yamemwiva. Wiki moja kabla ya harusi alikwenda kwa Abdi kununua uzi, akakuta runinga imewashwa. Alirudi akihema.

“Kalekye, hii miale uliitoa wapi? Kule kuna mraba na mistari mitatu!”

“Mama, nilichora nilichoona.”

“Uliona nini? Ulikuwa unacheza tu!”

Akanichapa kwa mwiko. Kesho yake, huku nikilia, nilimvuta mkono mpaka dukani. Abdi alitusikiliza, akatikisa kichwa.

“Mama Mwende, usimlaumu mtoto. Stesheni imebadilisha alama yake juzi. Hata mimi nilidhani runinga imeharibika.”

Mama alikaza uso, akanitangulia njiani. Nyumbani alichukua wembe, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja. Siku zikaisha kabla hajaufikia huo mraba. Mwende alikwenda kwa mumewe na kitambaa cheupe chenye matundu ya sindano, mama akiwaambia wageni kwamba ndio mtindo mpya.

Tangu hapo stesheni ile imebadilisha alama mara nyingi. Mraba uliondoka, herufi zikalazwa upande, zikatiwa rangi, zikapunguzwa. Siku hizi alama hukaa pembeni mwa kioo mchana kutwa, na hakuna anayeingoja. Juzi walipoibadilisha tena, nilimwita binti yangu atazame.

“Kwani ya zamani ilikuwa aje?” akauliza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Nilitaka kumweleza, nikashindwa kwa hasira. Mama ni mzee sasa, naye hunipigia simu kila Jumapili. Tunazungumza juu ya mvua, juu ya mbuzi, juu ya magoti yake. Pole yake kwa ule mwiko bado naingoja.