Mtoto Aliyekataa Kuona Vita

Wakati ule wa vita, pale kwetu Beu, katika parsele yetu, nyumba zote za kiwanja kimoja, ni mimi peke yangu niliyekuwa na diplome. Ya masomo ya jioni, ndiyo, mais diplome ni diplome. Nilijua mambo mengi mpaka kofia ilikataa kuingia kichwani. Watu walinisikiliza hata nikikohoa.

Dada yangu mdogo alizalia kwa mume wake, nyumba ya pili kutoka kwetu, kwa sababu siku hiyo risasi zilifunga njia ya maternité. Kule kila mtoto akizaliwa anapakwa pomade ya dawa machoni. Wa kwetu hakupakwa. Siku ya tatu kope zilivimba kama mandazi, usaha ukatoka wa kujaza bidon. Dada akamkamulia mtoto maziwa yake machoni, kama mama zetu walivyofanyaga. Usaha ulirudi kabla hajafunga blauzi.

Risasi zilikuwa zimenyamaza, donc alitaka kwenda santé, kituo cha afya. Mama mkwe wake akakataa: mtoto hatoki nje kitovu hakijaanguka. Dada akanigeukia mimi, mkubwa wake.

"Yaya, sema kitu."

Nikasema. "Muache mutoto. Iko na akili kupita sisi wote, inakataa kuona hii vita."

Nyumba nzima ilicheka, sisi ambao tulikuwa tumesahau meno yetu yanafanana namna gani. Mama mkwe alinipa paja la kuku aliyechinjiwa mzazi. Kila mgeni alipoingia niliombwa kurudilia, na kila mara niliongeza chumvi. Dada alikuwa kwenye kona, anafuta, anafuta.

Kitovu kilianguka baada ya siku mbili. Kule santé, tulikoenda sote pamoja na mume, muganga, mama mmoja mzima, alifungua kope kwa vidole viwili. Usaha ulimrukia mpaka shavuni. Chini yake macho yote mawili yalikuwa meupe kama yai la kuchemsha. Alisema sindano ya siku ya tatu ingeyaokoa. Alisema pia kwamba mtoto anaupata ugonjwa huu kwa mama yake akizaliwa, na mama analetewa na mume. Mama mkwe alishika nusu tu ya maneno hayo. Mbele ya foleni yote alimwita dada malaya. Mume alikuwa anachunguza viatu vyake.

Muganga akauliza nani aliwaambia wangoje.

Dada hakumwangalia mkwe wake. Aliniangalia mimi.

"Yaya, rudilia ile ya vita. Huyu mama hajaisikia."

Foleni yote ikageuka kunisikiliza.