Maji ya Jumatano

Kazi yangu ni kupanga bustani za watu. Nikiulizwa niliisomea wapi hutaja chuo nilichokaa miaka miwili Dar es Salaam, na ni kweli nilisoma huko. Lakini kupima mteremko kwa macho nilijifunza utotoni, nikimfuata mama kwenye mfereji wa kijiji chetu, milimani juu ya Same. Yeye alibeba jembe, mimi kazi yangu ilikuwa kuondoa majani yaliyokwama.

"Usiyasukume," aliniambia maji yalipokataa kupita. "Angalia kwanza yanataka kwenda wapi, ndipo uchimbe."

Mfereji ule unajaza ndiva, bwawa letu la udongo. Kila kaya ina siku yake ya kulifungua na kupeleka maji shambani. Siku yetu ilikuwa Jumatano. Baba alipofariki zamu ikabaki kwa mama.

Baada ya chuo nilirudi Same mjini nikaanzisha kitalu cha miche kando ya barabara kuu. Same ni pakavu. Upepo wake unakausha kanga ya kwanza kabla hujaanika ya pili. Nilipanda bugenvilia kwenye nyumba za wageni, nikapanga mawe kwenye ua wa zahanati. Watu waliridhika. Mimi sikuridhika. Nilitaka kazi moja kubwa, ya kupigwa picha.

Ikaja. Mstaafu mmoja aliyeishi Dar miaka mingi alijenga nyumba kijijini kwetu, chini kidogo ya kanisa. Binti yake alikuwa anaolewa Oktoba, na sherehe aliitaka iwe nyumbani. Alinionyesha picha kwenye simu: majani mabichi kutoka barazani mpaka ukutani, na viti vyeupe vimepangwa juu yake.

"Nataka hivi. Utaweza?"

Oktoba kwetu kiangazi kinakuwa kimefika mwisho, hata mbuzi wanatafuta kivuli. Nilipaswa kumwambia tutumie mawe na vichaka vya hapa hapa, na turubai zuri la kivuli. Nilijua hivyo kabisa. Nikasema, "Nitaweza."

Nilipanda majani mwezi wa Agosti. Wiki ya pili tangi lake likakauka, na bomba la kijiji lilikuwa linatoa maji siku moja tu kwa wiki. Majani yakaanza kugeuka manjano kwenye kingo. Nilisimama pale ugani, nikatazama juu kuelekea ndiva, nikaanza kuhesabu mteremko. Maji yangefika bila shida.

Wakati huo mama alikuwa Mwanga kwa dada yangu, akitibiwa macho. Kabla ya kuondoka alimwachia shamba na zamu yake mama mdogo, binti wa mjomba wake, mjane anayeishi hatua chache chini ya nyumba yetu. Mama mdogo alikuwa amepanda maharage.

Nilimkuta barazani anachambua mboga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda. Macho ya mama yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri." Kisha nikasema, "Amenituma. Anaomba zamu yake ya Jumatano, kwa wiki chache tu."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Maharage ndiyo kwanza yanatoa maua," alisema. Hakusema kama mtu anayekataa. Alisema kama anayenipa habari. "Lakini maji ni ya mama yako. Mwambie nimesikia."

Hakuuliza ni ya nini. Niliondoka haraka asije akauliza.

Jumatano tano nilifungua ndiva asubuhi, nikaelekeza maji kwenye ua wa mstaafu kwa mfereji mdogo niliouchimba mwenyewe. Ulikuwa umechimbwa vizuri; aibu yangu nyingine ni kwamba niliuonea fahari. Kwa siku za kwanza nilipita kando ya shamba la mama mdogo. Maua ya maharage yalipoanza kudondoka nikabadilisha njia, nikawa nazunguka kwa kanisani.

Harusi ilifana. Wageni kutoka mjini walivua viatu wakakanyaga majani kwa miguu mitupu. Nilipiga picha nikaiweka mtandaoni, na watu wa Moshi wakanipigia simu. Mpaka leo picha ile inaniletea wateja. Sijaifuta. Wanaoiona hawajui kwamba mstaafu alirudi Dar, na Krismasi ilipofika mbuzi wa jirani walikuwa wanacheza kwenye vumbi pale pale.

Mama alirudi Novemba. Wiki hiyo hiyo uliitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya kuzoa tope la ndiva kabla ya mvua. Nilipanda kutoka mjini kwenda kusaidia. Tulikuwa tumepanga mstari, tunapokezana makarai, msimamizi wa ndiva alipomwona mama.

"Karibu tena, mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Tuambie basi. Zamu uliyomnyang'anya mdogo wako ukamwagilia majani ya harusi, ni daktari wa macho aliyekushauri?"

Watu wakacheka, kicheko kisicho na utani. Mama alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza. Alinigeukia. Nilikuwa nimeshika karai la tope, na muda wa kusema ulikuwepo, tena wa kutosha. Nikalipokeza kwa aliyefuata.

"Ni kweli niliomba," mama alisema. "Nilikosea. Naomba radhi kwenu, na kwa mdogo wangu."

Akainama akachota tope. Mama mdogo, aliyekuwa watu watatu mbele yangu, hakugeuka.

Nyumbani mama hakufoka. Alikaa kizingitini akijisugua tope miguuni.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu ninaoishi nao," alisema. "Wewe utateremka Same. Mimi nabaki nao."

"Nitakwenda kumwambia mama mdogo ukweli."

"Nenda. Ila usiseme unakwenda kwa ajili yangu."

Nilimkuta jikoni anapika makande. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Nilijua," alisema. "Mama yako akitaka kitu kwangu hupiga simu mwenyewe. Hajawahi kunitumia mtu."

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Ningekuita mwongo, wewe? Nimekubeba mgongoni." Akaendelea kukoroga. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwomba. Mwaka ule alinunua maharage sokoni Same, kama watu wasio na shamba.

Siku hizi mteja akinionyesha picha, swali langu la kwanza ni maji yake yanatoka wapi. Wengine hukasirika wakatafuta mtu mwingine. Sijisifu kwa hilo. Nilipaswa kuuliza siku ile.

Mkutano wa ndiva wa mwaka ule ulipofika nilipanda kuhudhuria, na mama alisimama akaomba zamu ya Jumatano iandikwe kwa jina la mama mdogo, moja kwa moja. Hakuwa ameniambia. Katibu alinitazama, kisha akamtazama yeye.

"Na watoto wako, mama?"

"Watoto wangu wana bomba mjini."

Nikanyoosha mkono. Nikasimama. "Mama hakuomba yale maji," nilisema. "Nilidanganya mimi."

Msimamizi aliitikia kwa kichwa, bila ukali wowote.

"Tunajua, binti. Tulijua tangu siku ile ya msaragambo. Keti tuendelee."

Niliketi. Mama alikuwa ametazama mbele, na katibu alikuwa anaandika.